Nimechoka kununua koili: nianzeje kuzijenga mwenyewe?

SWALI

Niliacha sigara miezi minane iliyopita, na kilichonisaidia ni vepu, yaani sigara ya kielektroniki. Natumia kifaa kidogo chenye tangi la koili za kununua (zile waya ndogo zinazopasha juisi moto) na juisi ya chumvi ya nikotini ya miligramu 20 kwa mililita. Bado navuta kama nilivyokuwa navuta sigara: moshi unaingia kinywani kwanza, ndipo uende kifuani. Shida yangu ni koili. Kila baada ya wiki moja ladha inageuka kuwa ya kuungua, natupa, nanunua nyingine. Mwenzangu kazini anajitengenezea zake kwa waya na pamba, na anasema furushi moja la pamba humtosha kwa miezi. Amenionyesha atomaiza yake ya kudondoshea juisi, yaani sehemu ya juu inayotoa mvuke, pamoja na modi yake ya bomba, sehemu ya betri, isiyo na kioo wala namba. Nilivutiwa, lakini niliogopa pia. Sijawahi kushika hata chuma cha kulehemu. Nianzie wapi? Na je, kitu hiki kinaweza kunilipukia?

JIBU

Usianzie kwenye alichokuonyesha mwenzako. Simsemi vibaya, huenda anakijua vizuri anachokifanya. Lakini modi ya bomba na atomaiza ya kudondoshea ni vitu viwili ambavyo kila kimoja kinadai ujuzi wake, na wewe kwa sasa una jambo moja tu la kujifunza: kuunywesha utambi, yaani ile pamba inayopita ndani ya koili. Tafuta tangi dogo la kujengea, lenye nafasi ya koili moja, la kuvutia kwa kubana kama sigara. Lifunge juu ya kifaa chenye saketi ya ulinzi na kioo kinachosoma ukinzani. Nunua waya wa aina moja tu. Kulehemu hakumo kabisa katika kazi hii. Koili hubanwa kwa skrubu mbili, na bisibisi ndogo inatosha.

Nimekaa meza moja na wanaoanza kwa miaka kadhaa sasa, na karibu kila mmoja hufika akiwa na habari za waya tele kichwani: waya uliosukwa, waya uliozungushiwa mwingine, waya bapa kama utepe. Wanaofika wakiuliza habari za pamba ni wachache mno. Ilhali makosa ninayoyakuta kwenye meza hiyo, mengi ni ya pamba. Waya ni hesabu ndogo unayoifanya mara moja ukamaliza. Pamba ni kazi ya mikono, na mikono hujifunza polepole.

Aliyewahi kutunza taa ya chemli huelewa upesi. Utambi wa taa hupandisha mafuta kwa sababu nyuzi zake zimekaribiana kiasi cha kuvuta na zimeachana kiasi cha kupitisha. Ukibanwa kupita kiasi kwenye kishikio, mafuta hayapandi, na utambi wenyewe ndio unaoungua. Atomaiza ni vivyo hivyo. Pamba inanyonya juisi kutoka tangini na kuifikisha katikati ya koili, koili inapata moto, juisi inageuka mvuke, na kabla hujavuta tena, juisi nyingine lazima iwe imekwisha kufika. Propilini glikoli huchemka kwenye nyuzi 188 za Selsiasi na gliserini kwenye 290. Maadamu kuna majimaji ya kuchemka, joto la koili linaishia humo. Majimaji yakikauka, joto linaigeukia pamba, na ndiyo ladha hiyo unayoijua. Tena si ladha mbaya tu. Juisi iliyokaushwa kwa moto mkali hivyo hutoa fomaldehidi na akrolini, sumu ambazo zimo pia katika moshi wa sigara uliyoikimbia. Kwa hiyo ukisikia ukavu kooni, acha palepale. Usivute mara ya pili ili kuhakikisha.

Hapo nageukia jambo ambalo hukuniuliza: kwa nini koili zako zinakufa ndani ya wiki moja? Kabla ya kununua chochote, tazama juisi yako. Juisi tamu sana huwa na sukralosi, na hiyo haigeuki mvuke kama yale majimaji mengine. Inabaki kwenye waya, inaungua, na kuwa ukoko mweusi. Ikiwa ndivyo, basi koili ya kujengea nayo itashika ukoko uleule, pengine kwa muda uleule. Faida ni kwamba hutatupa chombo kizima. Utatoa pamba iliyochafuka, utasafisha waya au kuubadilisha, na kazi hiyo ni ya dakika kumi. Lakini kama koili zako zinaungua kwa sababu umepandisha wati juu ya kiwango kilichoandikwa ubavuni mwake, au kwa sababu unavuta mfululizo bila kuipa pamba nafasi ya kunywa, basi tabia hiyo utahamia nayo. Jaribu kwanza wiki moja na juisi isiyo na utamu mwingi, kwa wati za chini. Huenda koili zako zikadumu mara mbili, na hapo utaamua kujenga kwa kupenda, badala ya kwa kukimbia.

Sasa aina za atomaiza. Ile ya kudondoshea, ambayo kwenye boksi utaona imeandikwa RDA, haina tangi. Unaweka matone ya juisi juu ya pamba, unavuta mara chache, unadondosha tena. Ladha yake ni nzuri sana, na kuijenga ni rahisi kwa sababu kila kitu kiko wazi mbele ya macho. Lakini nyingi hupitisha hewa nyingi, zimetengenezwa kwa wanaovuta moja kwa moja hadi kifuani, na ukiwa barabarani au kazini, kudondosha kila baada ya dakika chache kutakuchosha. Mtu aliyeacha sigara miezi minane tu iliyopita hatakiwi kuwa na chombo kinachomchosha. Ya tangi la kujengea huandikwa RTA. Ina kitako cha kufungia koili, kikombe kinachoifunika, na tangi linalozunguka vyote. Inadai umakini zaidi kwenye pamba, lakini ukishaijaza unaendelea na shughuli zako. Chagua yenye njia ya hewa inayoweza kubanwa hadi tundu dogo kabisa, kwa kuwa huo ndio mvuto uliouzoea. Chagua pia yenye kitako kipana kiasi cha vidole vyako kufanya kazi. Usichague kwa uzuri wa umbo.

Hofu yako ya mlipuko ina msingi, na sitaki uipuuze. Kinacholipuka huwa ni betri. Mwaka 2018 mtu mmoja huko Florida, na mwaka 2019 mwingine huko Texas, Marekani, walipoteza maisha baada ya vifaa vyao vya vepu kulipuka, na vyote viwili viliripotiwa kuwa vya aina ya bomba lisilo na saketi, kama cha mwenzako. Elewa sababu, maana ukiielewa hutahitaji kutishwa na mtu. Katika bomba hilo betri imeunganishwa moja kwa moja na koili, na kati yake kuna kitufe tu. Betri iliyojaa ina volti 4.2. Gawanya kwa ukinzani wa koili, upate mkondo. Koili ya omu 1 (omu ndicho kipimo cha ukinzani) inavuta ampea 4.2, na hakuna tatizo. Koili ya omu 0.5 inavuta ampea 8.4. Koili ya omu 0.1 inavuta ampea 42, na betri nyingi nzuri za 18650 hazijatengenezwa kutoa zaidi ya ampea 20 au 25 mfululizo. Mguu wa koili ukigusa ukuta wa kikombe, hiyo ni shoti, na betri itamwaga kila ilicho nacho ndani ya bomba la chuma lililofungwa. Hakuna kitu kitakachoisimamisha.

Kifaa chenye saketi hufanya kazi nyingine kabisa. Kabla ya kupeleka moto kinapima ukinzani. Kikikuta shoti kinakataa, na kukuandikia kwenye kioo. Vilevile, na hapa wengi hukosea, mkondo unaotoka kwenye betri ya kifaa hicho hautegemei tena omu za koili. Unategemea wati ulizoweka. Chukua wati 14, gawanya kwa volti 3.2, kiwango ambacho betri iko karibu kuisha, kisha ongeza kidogo kwa kile kinachopotea ndani ya saketi. Unapata ampea 5 hivi. Betri halali ya ampea 20 haitajua hata kama unaitumia. Ndiyo maana nakwambia kwamba kwa mvuto wako wa kubana, ukiwa na kifaa cha aina hii, sehemu ya hatari iliyobaki ni jinsi unavyoitunza betri yenyewe.

Na hapo sitapunguza neno. Betri ya 18650, yaani ya kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, ina ganda jembamba la plastiki, na karibu mwili wake wote ulio chini ya ganda hilo ni upande hasi. Ganda likichanika karibu na kichwa, usiitumie hadi ulibadilishe. Usiitie mfukoni pamoja na funguo au sarafu, hata kwa hatua kumi. Watu wameungua mapaja kwa njia hiyo, na vifaa vyao vilikuwa vizima kabatini. Ibebe kwenye kibweta chake cha plastiki. Ukiona betri ya ukubwa huo imeandikwa mAh 9,900, yaani kiasi cha umeme inachohifadhi, iache hapohapo dukani. Zinazofaa kwa kazi hii huwa kati ya 2,500 na 3,000, na anayedanganya kwenye namba hiyo atadanganya kwenye ampea pia. Kifaa kikitumia betri mbili, zinunue pamoja, zichaji pamoja, zizeeke pamoja.

Waya. Nitakupa mmoja tu: Kanthal A1 wa geji 28. Geji huhesabiwa kama za mabati, namba ikipanda waya unakuwa mwembamba, na 28 ni milimita 0.32. Aloi hii ya chuma, kromiamu na alumini ilibuniwa Sweden na Hans von Kantzow katika miaka ya 1920, na tangu hapo imekuwa ikitumika kwenye tanuri na hita. Ikipata moto, alumini iliyomo hutengeneza utando mgumu juu ya waya na kuukinga. Haina nikeli, jambo la maana kwa mtu ambaye ngozi yake huwashwa na hereni au saa za bei ndogo. Waya wa nikromu una nikeli nyingi, na chuma kisichoshika kutu cha 316L kinayo pia. Hizo mbili ni nzuri na utazifikia kwa wakati wake. Waya wa nikeli tupu na wa titani uache kabisa kwa sasa. Umetengenezwa kwa vifaa vinavyodhibiti nyuzijoto, na haufai kuwashwa mkavu mpaka uwe mwekundu.

Kwa geji 28, mita moja ya Kanthal A1 ina omu 18 hivi. Zungusha mara sita kwenye shina la milimita 2.5, acha miguu ya milimita tano kila upande, utakuwa umetumia kama sentimita 6.3 za waya, na kioo kitasoma omu 1.1 au karibu na hapo. Hiyo ndiyo koili yako ya kwanza. Kata kipande cha sentimita 10 ili upate pa kushikia. Kibunda cha mita 10 kitakupa koili mia moja. Ukiharibu ishirini za kwanza huna ulichopoteza, kwa hiyo usitetemeke.

Vifaa havizidi vichache: bisibisi inayolingana na skrubu zako, kikata kucha cha kukatia waya, mkasi mkali, na kibanio chenye ncha za kauri. Kauri, kwa sababu cha chuma kitasababisha shoti ukigusa koili inayowaka. Shina la kuzungushia linaweza kuwa ncha ya keekee ya milimita 2.5.

Atomaiza mpya huwa na mafuta ya mashine ya kiwandani. Ifungue yote, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, kausha. Angalia mipira midogo ya duara inayozuia kuvuja ilikokaa, maana ukiipoteza utavujiwa. Hatua hii watu huiruka, halafu hulalamika ladha ya chuma.

Zungusha waya kwenye shina ukiuvuta kwa nguvu ya wastani, mizunguko ikikaa bega kwa bega, kisha itanue kidogo ili kati ya mzunguko na mzunguko pabaki nafasi ya unene wa waya wenyewe. Wengine watakwambia uiache ikigusana. Inafanya kazi, lakini inadai kubanwa na kupapaswa ikiwa moto mpaka ikae sawa, na kwa anayeanza koili iliyoachana inasamehe zaidi. Bila kuitoa kwenye shina, iweke kitakoni, ingiza miguu chini ya skrubu upande ambao skrubu ikikazwa inauvuta waya ndani badala ya kuusukuma nje. Kaza hadi ishike, basi. Waya wa 0.32 hukatika ukiukaza kwa hasira. Koili ikae katikati, juu kidogo ya tundu la hewa, milimita moja hivi. Kata miguu iliyozidi kabisa, isibaki hata ncha. Ncha hiyo ndiyo itakayogusa kikombe.

Weka kifaa kwenye wati 8 na ubonyeze kwa nusu sekunde, achia, bonyeza tena. Koili inatakiwa ianze kuwa nyekundu katikati na wekundu uenee pande zote mbili kwa pamoja. Mzunguko mmoja ukiwaka kabla ya wenzake, usubiri upoe kidogo na uusukume kwa kibanio hadi nafasi zilingane. Namba ya omu ikichezacheza, usiitafutie maelezo marefu, ni skrubu iliyolegea. Kifaa kikiandika shoti au kikikataa kusoma, kuna waya unaogusa pasipopaswa. Usiongeze wati ili "kuona". Rangi ya machungwa iliyofifia inatosha kwa ukaguzi. Huna haja ya kuifanya iwe nyeupe.

Hapa ndipo pa kupunguza mwendo. Tumia pamba isiyopaushwa, isiyo na manukato wala dawa, iliyotengenezwa kwa kazi hii. Nawa mikono. Kata utepe wenye nyuzi zinazokwenda kwa urefu, usokote ncha yake moja iwe kama sindano, uipitishe ndani ya koili. Sasa uvute polepole kushoto na kulia. Unatafuta hisia moja: pamba ipite kwa kukwaruza kidogo, lakini koili isisogee nayo wala kupinda. Ikipita kama uzi kwenye pete, ni nyembamba. Ladha itakuwa hafifu na juisi itamwagikia kwenye koili ikitoa sauti ya kububujika. Ikiivuta koili pembeni, ni nene. Juisi haitapita, na wewe utaonja moshi wa pamba. Siwezi kukupa kipimo cha hisia hiyo kwa milimita. Nimejaribu kuwapa watu vipimo, wakapima sawasawa na bado wakakosea, kwa sababu pamba ya furushi moja si sawa na ya jingine. Rudia kuitoa na kuipitisha mara tatu au nne bila hata kuijaza juisi, ili vidole vikariri.

Kisha mikia. Ikate pande zote mbili ilingane na ukingo wa nje wa kitako. Ichane kwa ncha ya kibanio kama unavyochana nywele, uondoe nyuzi zilizolegea, ili mkia uwe mwepesi kuliko sehemu iliyo ndani ya koili. Kwenye tangi la kujengea kuna matundu mawili au zaidi ambako juisi inaingilia. Laza kila mkia juu ya tundu lake uguse sakafu yake tu. Usiushindilie. Mkia ulioshindiliwa ni kizibo, na hapo ndipo wengi wanapokosa: wanaona tangi limevuja mara moja, wanaogopa, wanaongeza pamba, na kesho yake wanalia na ukavu. Kinyume chake, tundu lililobaki wazi, mwanga ukipita, litavuja hadi tangi liishe. Mkia ufunike tundu lote kwa wepesi. Sentensi hiyo moja ndiyo ninayoirudia kuliko zote.

Dondosha juisi juu ya pamba mpaka ing'ae yote, mikia pamoja na katikati. Bonyeza mara mbili tatu kwa wati 8 uone mvuke, hapo utajua inapita. Funga kikombe na tangi. Wakati wa kujaza, ziba njia ya hewa kabisa, jaza, funga kifuniko, geuza atomaiza juu chini, kisha fungua hewa ikiwa bado imegeuzwa. Shinikizo lililokwama ndani hutoka bila kusukuma juisi chini. Subiri dakika tano. Juisi yenye nusu gliserini na nusu propilini glikoli hupenya upesi kwenye matundu madogo. Ile yenye gliserini asilimia 70 au zaidi ni nzito, na kwenye tangi dogo la kubana itakuchelewesha na kukukausha hata kama umefunga pamba vizuri. Wapo wanaolaumu mikono yao kwa kosa la juisi.

Anza kwa wati 9 na upande moja moja. Kwa koili hii huenda ukatulia kati ya 11 na 14. Ladha ikianza kuwa kali na yenye joto, umepita, shuka moja.

Nikotini inanitia wasiwasi kwa ajili yako kuliko koili. Miligramu 20 kwenye kifaa chako kidogo ni kitu kimoja. Atomaiza ya kujengea hutoa mvuke mwingi zaidi kwa kila mvuto, kwa hiyo juisi ileile itakupa nikotini zaidi. Kizunguzungu, kichefuchefu, moyo kwenda mbio na kichwa kuuma ni dalili kwamba umepitiliza. Shuka hadi kati ya 6 na 12 unapohamia, uone mwili unasemaje. Na kama siku moja utaazima ile ya kudondoshea ya mwenzako, usitie juisi yako ya 20 humo. Wanaovuta kwa hewa nyingi wengi hutumia 3. Chupa zako ziweke juu, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti, maana nikotini ya majimaji humezwa kwa urahisi na hupenya kwenye ngozi. Na kisije kikaingia kwenye pamba hiyo kitu chochote cha mafuta, iwe ya kula au ya manukato. Mapafu hayawezi kuyatoa mafuta.

Pamba ibadilishe ladha inapofifia au inapokuwa ya kahawia katikati. Kwa juisi isiyo tamu huenda ikawa wiki moja au zaidi, na kwa tamu ni siku tatu nne. Itoe, washa koili kavu kwa wati chache hadi ukoko uwe majivu, isubiri ipoe, isuuze chini ya maji, itie pamba mpya. Sipendi kuichoma koili moja zaidi ya mara tatu au nne. Kila kuchoma kunauchosha waya, na wewe una koili mia kwenye kibunda.

Nimekujibu kama mtu ambaye vepu imemtoa kwenye sigara, na hilo ni jambo kubwa. Usiruhusu ufundi huu ulifute. Weka kifaa chako cha sasa kikiwa kimejaa na koili moja nzima pembeni kwa mwezi wote wa kwanza. Siku utakapofunga pamba vibaya usiku, juisi imemwagika mezani na hamu imekushika, uwe na cha kushika ambacho si sigara. Ukiwa mtu unayeweza kupunguza nikotini, punguza kadiri mikono inavyozoea, kutoka 12 kwenda 9, kutoka 9 kwenda 6, ukikaa kila hatua kwa muda unaohitaji. Mapafu yanapenda hewa tupu kuliko mvuke wowote, na kujijengea kunakupa nafasi ya kushuka ngazi hizo bila kifaa kuwa kisingizio.

Kuhusu modi ya bomba, mwombe mwenzako akuonyeshe anavyopima ukinzani kabla ya kuifunga, na ganda la betri yake lilivyo. Akikuonyesha vyote viwili bila kusita, ana mengine ya kukufundisha. Akicheka swali lako, mwambie awe anaivutia mbali na uso wako.